Namna ya kusoma tangazo la gazeti la enzi ya Malkia Victoria, kuanzia visu vya mipini ya pembe za ndovu mpaka injini za mvuke

Ukifungua gazeti la The Times la mwaka 1860 usitegemee kukuta habari kubwa ukurasa wa mbele. Utakuta matangazo, safu baada ya safu, na iliendelea hivo hivo mpaka tarehe 3 Mei 1966 ndo habari zikahamia mbele. Meli inaondoka, mtu anatafuta mpishi, piano inauzwa, visu vya mezani, vidonge vya tumbo, sefu isiyoungua moto, yote yamebanana humo humo. Siku hizi watu wengi wanayajua haya matangazo kama pambo, kile kipicha cha sabuni au cherehani kinachotundikwa kwenye fremu mgahawani, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa sana maana tangazo la zamani ukilisoma kwa utaratibu linakuambia nani alikuwa na hela, alikuwa anaogopa kuaibika kwa lipi, mashine gani ilikuwa ndo imetoka, na mali ghafi ilitolewa wapi. Na baadhi ya hiyo mali ghafi ilitoka huku kwetu, tutafika huko.

Enzi yenyewe ni kuanzia Juni 1837 Victoria alipopata kiti mpaka Januari 1901 alipofariki. Ni zaidi ya miaka 60, kwaiyo usije ukasema "tangazo la kivictoria" ukadhani umesema kitu, tangazo la 1840 na la 1895 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hatua ya 1: tafuta ukurasa mzima, achana na picha iliyokatwa

Picha za matangazo zinazozunguka mitandaoni nyingi zimekatwa, hazina tarehe, hazina jina la gazeti, na nyingine zimetengenezwa juzi tu zikapakwa rangi ya njano zionekane za zamani. Nenda kwenye chanzo. British Newspaper Archive ndo ghala kubwa la magazeti ya Uingereza, ilianza 2011 kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza, ila kusoma kwa uhuru inabidi ulipie. Kama bajeti hairuhusu usikate tamaa, kuna za bure na ni nzuri sana: Welsh Newspapers Online ya Maktaba ya Taifa ya Wales, Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand, na Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Trove na Papers Past zinakuruhusu kuchuja upate matangazo peke yake, na kwa sababu makoloni yale yalikuwa yananunua bidhaa za Birmingham na Sheffield kwa wingi utakuta bidhaa zile zile za London zinatangazwa Sydney au Dunedin, mara nyingi na bei yake.

Kwenye kutafuta, kumbuka maandishi yamesomwa na kompyuta kutoka kwenye picha ya karatasi iliyochakaa, kwaiyo makosa ni mengi mno hasa kwenye matangazo ambako herufi ni ndogo. Usitafute jina la kampuni peke yake. Tafuta kwa jina la kitu kama wenyewe walivyokuwa wanakiandika, mfano "ivory handles" au "electro-plate" au "portable engine", halafu jaribu na anwani ya duka. Ukipata, pakua ukurasa wote, sio kile kisanduku tu, kwa sababu jirani wa tangazo nae ana maana yake: tangazo la piano lililokaa kati ya shule za mabinti na nyumba za kupangisha linaongea na watu tofauti na lile lililokaa chini ya bei ya ng'ombe.

Hatua ya 2: elewa kodi, maana ndo iliyochora sura ya tangazo

Hapa wengi wanaruka na ndo hapa kuna ufunguo. Serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza kodi kwa kila tangazo, haijalishi ni refu au fupi. Mpaka 1833 kodi ilikuwa shilingi 3 na peni 6 kwa tangazo moja, mwaka huo ikashushwa kuwa shilingi 1 na peni 6, na 1853 ikafutwa kabisa. Kulikuwa na kodi nyingine ya stempu kwa kila nakala ya gazeti, ikashushwa mpaka peni 1 mwaka 1836 na kufutwa 1855, halafu kodi ya karatasi nayo ikaondoka 1861. Sasa weka hiyo miaka kichwani kila unapolitazama tangazo. Kabla ya 1853 mtu anayetangaza sabuni ya peni chache anaumia, mwenye kutangaza piano haumii sana, na ndo maana matangazo ya zamani zaidi yamejaa nyumba, meli, vitabu, mvinyo na dawa. Baada ya 1861 magazeti ya peni moja yanajaa kila mji na bidhaa ndogo ndogo za nyumbani zinapata pa kupumulia.

Jambo la pili ni sura. Magazeti makubwa mengi yalikuwa hayapendi herufi kubwa wala tangazo kuvuka mstari wa safu, kwaiyo matangazo yote yanatoka madogo na yamepangwa wima. Wafanyabiashara wakagundua njia, wanachapisha sentensi moja ile ile inajirudia mstari kwa mstari safu nzima mpaka jicho lako linasimama lenyewe. Ukiona hivo usidhani mchapaji alilewa, ni akili ya mtu aliyebanwa. Picha nazo zilikuwa ni za kuchongwa kwenye mbao, na gazeti lililowafungulia watu mlango wa picha ni Illustrated London News, lililoanzishwa Mei 1842 na Herbert Ingram, mtu ambae kabla ya hapo alipata hela kwa kuuza vidonge vya kuongeza maisha vilivyoitwa Parr's Life Pills. Yaani mwenye gazeti mwenyewe alitokea kwenye biashara ya matangazo, sio ajabu alijua thamani ya nafasi.

Hatua ya 3: geuza bei iwe kitu unachokielewa

Peni 12 zinafanya shilingi, shilingi 20 zinafanya pauni. Peni inaandikwa "d", shilingi "s", na ukikuta 2/6 ni shilingi 2 na peni 6. Halafu kuna guinea, ambayo ni shilingi 21. Sarafu yake ilishaacha kutengenezwa kabla hata Victoria hajazaliwa lakini bei za vitu vya heshima, piano, farasi, picha za kuchora, ada ya daktari, ziliendelea kutajwa kwa guinea. Ukiona guinea jua muuzaji anakuambia wewe ni mtu wa daraja fulani, na pia anakula shilingi moja zaidi kwa kila pauni uliyodhani unalipa.

Usihangaike kubadilisha kuwa shilingi za leo, hesabu hiyo haikusaidii chochote. Linganisha na mshahara wa wakati ule. Kibarua wa shamba katikati ya karne alikuwa anapata kama shilingi 10 mpaka 15 kwa wiki kutegemea mkoa, fundi mitambo mwenye ujuzi kama shilingi 30, na dada wa kazi za ndani alikuwa anakula na kulala pale pale halafu anapewa labda pauni 10 mpaka 20 kwa mwaka mzima. Piano ya guinea 25 ni mshahara wa huyo dada kwa zaidi ya mwaka. Ukishapiga hesabu hiyo ndo tangazo linaanza kuongea, unaona kabisa hapa anaitwa nani na nani hata hajafikiriwa.

Kuna bei moja utakutana nayo mpaka uchoke: 1s. 1½d., na wenzake 2s. 9d. na 4s. 6d. Hiyo ni dawa. Dawa za kiwandani zilikuwa na kodi yake ya stempu, kitu cha shilingi 1 kinabeba stempu ya peni 1 na nusu, cha shilingi 2 na nusu kinabeba peni 3, cha shilingi 4 kinabeba peni 6, na mnunuzi ndo anaelipa. Wauzaji wengi waliigeuza stempu hiyo kuwa sifa, wanasema "angalia stempu ya serikali kwenye boksi" kana kwamba serikali imeipima dawa ikaikubali, wakati serikali ilichukua kodi yake basi, haikupima chochote.

Angalia pia kama kuna malipo ya kidogo kidogo. Piano zilikuwa zinakodishwa kwa miaka mitatu halafu zinakuwa zako, na Singer walilisambaza jambo hilo kwenye cherehani mpaka kwa watu wa hali ya chini kabisa. Kiwanda chao cha Clydebank kule Scotland kilifunguliwa miaka ya 1880, na jina hilo halihitaji utambulisho kwenye mtaa wowote wa mafundi cherehani kuanzia Kariakoo mpaka Kisangani.

Hatua ya 4: tangazo lisilo na tarehe, lipe tarehe

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Umekuta tangazo kwenye kipande cha karatasi au kwenye kitabu, tarehe hakuna. Anza na anwani. London iligawanywa kwa kanda za posta mwaka 1857 na 1858, kwaiyo ukiona E.C., W.C. au N.W. baada ya jina la mtaa uko baada ya hapo. Ukiona N.E. umebahatika, kanda hiyo iliunganishwa na E. mwaka 1866, na S. peke yake ikagawanywa 1868, ina maana umebakiwa na kama miaka kumi hivi ya kuchagua, ingawa wapo walioendelea kuandika kwa mazoea.

Baada ya anwani cheki medali. Viwanda vilikuwa vinajisifu sana kwa medali za maonyesho makubwa: London 1851, Paris 1855, London 1862, Paris 1867, Vienna 1873, Philadelphia 1876, Paris 1878, Paris 1889. Tangazo lenye medali ya 1862 lakini halina ya 1867 mara nyingi liko katikati hapo, mara nyingi nasema, maana wapo walioshiriki moja wakakosa nyingine.

Halafu maneno ya kisheria. "Limited" baada ya jina la kampuni ni baada ya sheria ya 1855. Alama ya biashara iliyosajiliwa haiwezi kuwa kabla ya 1876, maana daftari lilifunguliwa tarehe 1 Januari mwaka huo na pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ndo ikawa namba moja. "Made in Germany" inatokana na sheria ya 1887 iliyolazimisha bidhaa za nje zenye jina au alama ya Kiingereza kutaja zilikotoka. Ukiambiwa utume hela kwa hati ya posta ya kawaida, ile waliyoita "postal order", uko 1881 au baadae, kabla ya hapo kwa hela ndogo watu walikuwa wanatuma stempu zenyewe ndani ya bahasha.

Na mwisho mali yenyewe. Vyombo vilivyopakwa fedha kwa umeme vinaanzia hataza (patent, haki ya mvumbuzi) ya Elkington wa Birmingham, 1840. Rangi za zambarau za kemikali ni baada ya mkemia Perkin kuigundua moja 1856. Linoliamu ya sakafuni ni baada ya hataza ya Frederick Walton ya 1863. Pembe ya bandia ya Xylonite, kampuni yake ilianza 1877. Ukiunganisha vidokezo vitatu vinne hivi unaweza kubana tangazo ndani ya miaka mitano bila kuona tarehe popote. Ukitaka kuhakikisha zaidi, kuna vitabu vya anwani za wafanyabiashara, Chuo Kikuu cha Leicester wameviweka bure mtandaoni, unatazama duka lilikuwa mtaa huo miaka gani.

Hatua ya 5: tofautisha tangazo la sebuleni na tangazo la kiwandani

Haya mawili hayaongei lugha moja. La sebuleni linauza hadhi. Seti ya chai iliyopakwa fedha inasifiwa kwamba hata mjuzi hawezi kuitofautisha na fedha halisi, na hapo unamuona mteja wazi kabisa, ni mtu wa kati anaetaka mgeni wake adhani ana fedha ya ukoo. Mafuta ya nywele ya Rowland's Macassar yalipakwa na wanaume wengi hadi nyumba zikaanza kuweka vitambaa kwenye migongo ya viti visichafuke. Kwenye kakao na chai neno linalorudiwa ni usafi, halali bila kuchanganywa, na hilo lina sababu: miaka ya 1850 daktari Arthur Hassall alikuwa akipima vyakula kwa hadubini na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la madaktari la Lancet, watu wakajua wanakula unga, vumbi na rangi za sumu, na sheria kali ikaja 1875. Kila unapoona tangazo linasisitiza kitu kupita kiasi, jiulize huko mtaani kulikuwa na lalamiko gani.

La kiwandani linauza uthibitisho. Linakwenda kwenye magazeti ya kazi kama The Engineer lililoanza 1856 au Engineering la 1866, na kwa wakulima wakubwa Mark Lane Express. Utakuta Clayton & Shuttleworth wa Lincoln na injini zao za mvuke za kuvutwa na farasi na mashine za kupura nafaka, Ransomes wa Ipswich, Marshall wa Gainsborough. Hakuna mashairi humo. Kuna nguvu za farasi, kipenyo cha silinda, zawadi za Chama cha Kifalme cha Kilimo, idadi ya mashine zilizokwisha kuuzwa, na mstari wa kuomba katalogi kwa posta. Bei mara nyingi haipo, maana bei ya mashine inajadiliwa, na hapo ndo utajua kazi ya tangazo ni kukuleta kwenye katalogi tu.

Tahadhari moja ya kiufundi. Ukisoma injini ina nguvu ya farasi 8 "nominal", usiichukue kama nguvu halisi. Hicho ni kipimo cha kibiashara kilichopigwa kwa ukubwa wa silinda kwa kanuni za zamani, wakati boila zilikuwa zimeshaboreshwa na presha imepanda, kwaiyo injini inaweza kutoa mara kadhaa ya hiyo namba. Wanafunzi wengi wanachora grafu za nguvu za viwanda kwa namba hizo na kazi yote inaharibika.

Kuna yale ya katikati, mashine ya kukatia nyasi, mashine ya kufulia, cherehani, sefu. Hayo yanakopa lugha zote mbili, kuna medali na kuna mama anaetabasamu. Kwangu mimi haya ndo yenye utajiri zaidi, maana unaona kiwanda kinaingia ndani ya nyumba.

Hatua ya 6: pima madai

Kila dai liweke kwenye fungu lake. "Bora kuliko zote duniani" ni sifa tu. Lakini dai lenye kiasi cha fedha, muda na sharti hilo ni ahadi, na ahadi inaweza kupimwa. Mfano safi ni kufuli za Bramah. Kwenye dirisha la duka lao Piccadilly kulikaa kufuli kwa zaidi ya nusu karne na kibao cha kuahidi guinea 200 kwa atakaeifungua bila ufunguo. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa pale Hyde Park, akaja fundi Mmarekani anaitwa Alfred Charles Hobbs, akafungua kwanza kufuli maarufu ya Chubb kwa dakika kama 25, halafu akaikalia ya Bramah kwa zaidi ya masaa 50 yaliyogawanyika kwenye siku 16 na akaifungua. Soma matangazo ya kufuli kabla na baada ya hapo uone jinsi maneno yalivyobadilika, kila mtu ghafla ana muundo mpya.

Mfano mwingine watu wa sheria wanaujua kwa moyo, awe amesoma Dar, Nairobi au Kampala, maana kesi hiyo iko kwenye somo la mikataba kote kulikorithi sheria ya Kiingereza. Novemba 1891 kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza kwenye Pall Mall Gazette kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakaepata mafua makali baada ya kutumia kimpira chao cha moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama walivyoelekeza, na kwamba imeweka pauni 1,000 kwenye benki ya Alliance kuonyesha haitanii. Bi Carlill akanunua, akatumia, akaugua Januari 1892, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba ilikuwa ni sifa za kibiashara tu. Mahakama ya Rufaa Desemba 1892 ikakataa, na zile pauni 1,000 za benki ndo ziliwaumbua, huwezi kusema unatania halafu umeweka hela pembeni. Mwanafunzi wa sheria akilitafuta lile tangazo lenyewe gazetini akalisoma pamoja na majirani zake ukurasani, ataielewa kesi vizuri zaidi kuliko kukariri majina ya majaji. Kampuni baadae ilitoa tangazo lingine la pauni 200, safari hii na masharti yaliyofungwa kila upande.

Barua za mashahidi, wale "nilikuwa siwezi hata kutembea sasa nacheza", zichukulie kama ushahidi wa maradhi ambayo watu walikuwa wanaogopa, sio ushahidi wa uponyaji. Beecham's Pills walisema boksi lina thamani ya guinea na linauzwa kwa 1s. 1½d., mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kikachapisha kilichomo: shubiri, tangawizi na sabuni, mali ghafi isiyofika hata robo peni kwa boksi la vidonge 56.

Hatua ya 7: fuata mali ghafi mpaka ilikotoka

Hapa naomba usome polepole. Chukua karatasi, orodhesha kila mali ghafi iliyotajwa au iliyojificha kwenye tangazo. Mshumaa wa Price's una mafuta ya mawese ya Afrika Magharibi. Piano ina pembe kwenye vibonye vyake. Gari la farasi linalong'aa lina vanishi. Na visu vina mipini.

William S. Burton alikuwa na duka kubwa la vyombo pale Oxford Street, na matangazo yake yana jedwali la visu vya mezani lililopangwa kama ngazi, unapanda kila mstari bei nayo inapanda. Kuna pembe ya kawaida ya inchi tatu na nusu, inakuja pembe nzuri, inakuja ya inchi nne, na karibu na juu kabisa kuna mstari unaosema pembe bora kabisa ya Afrika, "finest African ivory", halafu juu yake ndo zinafuata zenye pete za fedha. Mstari mmoja tu. Ndani ya mstari huo kuna tembo, kuna wawindaji, kuna msafara wa kutoka Manyema na Ujiji kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, kwa miguu, kutoka Tabora tu ni kama miezi mitatu, kuna wapagazi ambao wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa ujira na wengine walikuwa watumwa, kuna jahazi la kuvuka Unguja, forodha ya Sultani, wafanyabiashara wa Kihindi waliotoa mtaji, na meli. Tangazo halitaji hata kimoja. Mimi nasema kazi ya msomaji wa kwetu ni kuurefusha mstari huo.

Unaurefushaje? Kwanza usidanganyike na jina la bandari. Soko la pembe la London pale Mincing Lane lilizipanga pembe kwa mahali ziliposafirishwa, kwaiyo utasoma pembe za "Zanzibar" wakati Unguja hakuna tembo, na pembe za "Bombay" ambazo nyingi zilitoka huku huku pwani yetu zikapitia India kwanza. Pili oanisha mwaka wa tangazo na ripoti za makonsuli wa Kiingereza waliokuwepo Zanzibar, walikuwa wanaandika biashara ya bandari, na Nyaraka za Taifa Zanzibar zina kumbukumbu za ubalozi huo. Tatu angalia mahitaji: pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake, zinakatika vizuri bila kupasuka, ndo maana zikafaa vibonye vya piano na vitana. Mafundi wa Sheffield kama Joseph Rodgers & Sons walikuwa na maghala ya pembe yaliyokuwa yanatembelewa na wageni kama kivutio.

Sandarusi ndo imesahaulika zaidi. Ilichimbwa ardhini huku Mrima, utomvu wa miti ya zamani uliogeuka mgumu, ikapelekwa Unguja kusafishwa na kuuzwa, na huko Ulaya na Marekani ikapikwa na mafuta kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Ilisifiwa kwa ugumu kuliko za sehemu nyingine. Kwenye magazeti ya kibiashara ya London itafute kwa jina la "animi", ukitafuta "copal" peke yake utaikosa. Kwaiyo tangazo la gari la kifahari la 1870, linalosema gari linang'aa kama kioo, kuna uwezekano mkubwa mng'ao huo ulichimbwa na mtu wa karibu na Bagamoyo kwa jembe la mkono.

Hatua ya 8: picha za watu weusi na za himaya, usiziruke na usizikimbie

Kuanzia miaka ya 1880 matangazo yanabeba himaya waziwazi. Thomas Barratt wa sabuni ya Pears ndo aliekuza mambo, ndie aliepata mchoro wa Millais wa mtoto na mapovu wa 1886 akaugeuza tangazo, na sabuni hiyo hiyo ilitoa picha za kutukana rangi yetu, kwamba weusi ni uchafu wa kuoshwa. Mwaka 1899 wakatoa tangazo lililobeba maneno ya mzigo wa mtu mweupe, lile wazo kwamba mzungu ana jukumu la kustaarabisha wengine, na amiri wa jeshi la majini ananawa mikono. Ni picha za kuudhi na zina haki ya kuudhi. Ziandike kama zilivyo, usizipunguze makali, weka tarehe na gazeti.

Na soma kilichofichwa. Mwaka 1890 kampuni ya chai ya United Kingdom Tea Company ilitoa picha ya mpelelezi Stanley na Emin Pasha, gavana wa Equatoria ambae Stanley alikwenda kumwokoa, wanakunywa chai yao kambini Afrika kwa raha. Ukweli wa safari ile ni mamia ya wapagazi walioajiriwa Zanzibar, wengi hawakurudi, na Tippu Tip ndani yake, na ilipofika Bagamoyo Desemba 1889 Emin alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu akaumia vibaya. Weka picha na ukweli upande kwa upande, hapo ndo tangazo linasomeka.

Hatua ya 9: rekodi

Tengeneza jedwali lako, hata kwenye simu: jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu, kitu kinachouzwa, bei kama ilivyoandikwa, anwani, namna ya kulipa, picha ipo au haipo, mali ghafi, dai kuu, na nafasi ya maoni yako ambayo usiichanganye na vingine. Andika bei kama ilivyo, usibadilishe papo hapo. Halafu mtafute muuzaji huyo huyo miaka mitano mbele na mitano nyuma, maana tangazo moja linakuonyesha alichosema siku ile, ila kumi ya mtu mmoja yanakuonyesha alichoacha kusema, bei iliposhuka, pembe ilipogeuka pembe ya bandia, na duka lilipohama mtaa.

Kuhusu kuchapisha picha, matangazo yenyewe yameshatoka kwenye hakimiliki kwa umri wake, ila tovuti zina masharti yake kuhusu picha walizoskani, hasa zile za kulipia. Trove, Papers Past na Welsh Newspapers ni rahisi zaidi, lakini kila ukurasa una maelezo ya matumizi, yasome kwanza na utaje gazeti, tarehe na maktaba iliyohifadhi.